Mchanga wa Kisiwani Ndani ya Spika

Mwanangu Elinaja,

Salamu zangu umekuwa ukizipata tangu asubuhi, na kesho mlangoni utazipata tena, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya safari nayo nayaruka. Dada yako Namkunda ameshakufungia chakula, ameshakuonyesha blanketi liko upande gani wa sanduku, na ameshakukumbusha mara nyingi kuliko unavyopenda kwamba lori la kule chini bondeni, Kisiwani, halimsubiri mtu, na kwamba ukifika Same usipande basi kabla hujaona sanduku lako limefungwa juu. Sina la kuongeza. Miguu yangu imevimba tena, na kifua kinaniruhusu kuandika kidogo na kupumzika sana. Nguvu niliyobaki nayo nataka niitumie kwa jambo lile uliloniuliza juzi.

Uliniuliza ukiwa umechuchumaa nyuma ya spika zetu, bisibisi mkononi, vumbi kwenye nywele. Ulisema, "Baba, nikishapata chumba changu huko Dar es Salaam, ninunue spika za kusimama kama hizi, au nitengeneze mwenyewe?"

Nikakujibu, "Tutazungumza."

Ukacheka. "Baba, wewe ukisema tutazungumza, maana yake hutaki."

Ulisema kweli. Sikutaka. Unakwenda kujifunza ufundi wa redio, na uliniuliza kwa sababu tangu ukiwa mdogo umenisikia nikiwaambia wageni, wameketi pale sebuleni na vikombe vyao vya chai, "Hizi nimetengeneza mwenyewe." Nilimwambia mchungaji hivyo. Nilimwambia hivyo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, siku alipopanda kutoka Same, akagonga ubao kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiswahili chetu kina neno hili, mwenyewe. Maana yake ni mimi bila msaada wa mtu, na maana yake pia ni mwenye mali. Nililitumia kwa maana zote mbili, na zote mbili hazikuwa kweli.

Swali lako nitalijibu. Ila jibu lake linapita mahali ambapo nimekaa miaka mingi nikizuia watu wasipite.

Wakati ule redio kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeanza kusikika vizuri huku milimani. Nilikuwa mwalimu mkuu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia mfumwa wetu, mtawala wa huku, barua zake na kumpangia siku za kazi za watu. Redio yangu ilikuwa ile ndogo ya betri kavu, na sauti yake ilikuwa ya nyuki ndani ya kopo. Kwaya ikiimba, sauti ya nne, ile nzito, huisikii kabisa. Mtu aliyefundisha kwaya kama mimi, akikosa sauti ya nne, ni kama anakula makande yasiyo na maharage. Yule Mzungu tuliyefundisha naye, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia magazeti ya Kiingereza ya mafundi redio, na humo nikakuta mchoro wa kabati la spika la kusimama sakafuni, refu kunifika kifuani. Nililala nao ule mchoro kama mvulana anavyolala na mpira mpya.

Nilikwenda Moshi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la redio. Alikuwa nalo kabati kama lile, limekuja tayari kutoka Ulaya, limepakwa rangi ya vanishi hadi unajiona uso. Fedha ya kulinunua nilikuwa nayo. Hilo ulijue, maana baadaye nilikuwa nikijidanganya kwamba umaskini ndio ulionifanya nitengeneze.

Yule Mhindi aliniambia, "Mwalimu, chukua hii. Wewe unaweka chini, unafungua, unasikiliza. Kwa nini unatafuta taabu?"

"Nitatengeneza," nikasema. "Niuzie vile vya ndani tu, viwili."

"Haya, tengeneza. Lakini ukikata kidole usirudi kwangu. Mimi siuzi vidole."

Akaniuzia spika mbili tupu, zile koni za karatasi na sumaku zake, nikapanda nazo mlima nimezifunga ndani ya shuka. Kwa hiyo hata kutengeneza kwangu kulianza kwa kununua. Utakuta ndivyo ilivyo kwa kila fundi. Mdomo na koo la spika vinatoka kiwandani. Anachotengeneza mtu wa nyumbani ni kifua.

Na kifua ndicho kigumu. Gazeti lilieleza kwamba kabati likiwa jepesi linatetemeka pamoja na sauti, na likitetemeka linaongeza maneno yake lenyewe juu ya yale ya redio. Dawa yake ni kujenga kuta mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, na nafasi ya katikati kuijaza mchanga mkavu, laini, uliochekechwa. Mbao nilizipata kwa wapasuaji, za mkulo, ule mti wenye harufu ya dawa. Mchanga ndio uliokuwa shida. Udongo wetu wa juu unaujua, mwekundu na wenye kunata. Mchanga mzuri uko chini, kwenye makorongo ya Kisiwani, na makabati mawili yalihitaji mwingi. Mtu mmoja kuupandisha angechukua hadi Pasaka.

Unajua desturi yetu. Mtu akiwa na kazi yake binafsi, anajenga au anavuna, anawaomba majirani, na mkewe anapika dengelua. Watu wanafanya kazi, wanakunywa, wanaimba, hakuna deni. Lakini mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Pombe ya miwa ipikwe kwenye nyumba ya mwalimu, halafu Jumapili nisimame kusoma somo?

Mama yako alisema, "Wape watu dengelua, watakupandishia hata hilo korongo lenyewe."

"Mimi nipike pombe?"

"Basi wape chai."

"Chai haibebi mchanga."

"Basi nunua hilo kabati la Mhindi, Baba Elinaja, utuache tupumzike."

Alicheka aliposema hivyo. Nakumbuka vizuri kwamba alicheka, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho kucheka juu ya habari hiyo.

Nikaitisha msaragambo.

Wewe umekua wakati mambo haya yanalegea, kwa hiyo nikueleze uzito wake. Msaragambo ni kazi ya wote kwa kitu cha wote: mfereji, njia, ndiva ile ya kukusanyia maji ya kumwagilia. Baragumu likipigwa, kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa. Haujawahi kuitwa kwa ajili ya sebule ya mtu. Wazee wasingekubali, wala mimi nisingethubutu kuomba. Kwa hiyo sikuomba. Nilimwambia mfumwa kwamba nitajenga spika mbili, moja nitaweka kwenye baraza ya shule, ili kila jioni watu wakae nje wasikie habari za dunia na nyimbo za kanisa. Alifurahi. Aliniambia nipange siku. Na wakati nasema maneno yale, mwanangu, niliyaamini kama nusu hivi. Ndivyo nilivyokuwa nikidanganya siku zote, kwa nusu. Sijui kama mtu anaweza kuanza kwa uongo mzima.

Sasa nimtaje mtu ambaye jina lake halisemwi kwetu. Mjomba wako Kazeni, kaka wa mama yako, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva. Yeye alifungulia maji, yeye aligawa zamu, yeye alishika baragumu. Juma lile lile alikuja shuleni mchana, akasimama mlangoni pa darasa, kofia mkononi.

"Shemeji, ukuta wa ndiva umepata ufa. Mkono unaingia."

"Mkono mzima?"

"Leo vidole. Juma lijalo mkono. Nipangie msaragambo tuushindilie udongo kabla ya vuli."

"Msaragambo wa sasa umeshapangwa. Ni wa mchanga, wa shule."

Akanitazama. "Shule inajengwa?"

"Inapata redio."

"Redio ndiyo inayotaka mchanga?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujifunza. Nikamweleza habari za kuta mbili na mtetemo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, wewe ndiye uliyesoma. Lakini mawingu yameanza kukaa upande wa kilele cha Shengena mapema mwaka huu."

Nikamwambia ukuta ule umesimama tangu enzi za babu zetu, hautashindwa kusubiri kidogo. Akavaa kofia yake akaondoka. Na kwa kuwa baragumu lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelipiga asubuhi ya kuitia watu mchanga wangu. Alibeba pia. Nilimwona akipanda na kikapu begani.

Ilikuwa siku nzuri, hilo siwezi kulikana. Watu walipanda kutoka Kisiwani wamejipanga kama siafu, wanawake mbele, na maneno yao hayakuisha.

"Mwalimu!" aliita Mama Naetwe, yule aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Hii redio inakula mchanga?"

"Inakula, mama."

"Sasa ikishiba, inakunya nini?"

"Habari," nikasema.

"Haya jamani, bebeni! Leo tunalisha habari!"

Walicheka mpaka wengine wakaweka vikapu chini. Mama yako alikuwa katikati yao na kikapu chake. Alipofika nyumbani alikitua karibu na miguu yangu, akasema polepole wengine wasisikie, "Mbona mchanga wa shule unamwagwa hapa kwetu?" Nikamwambia kazi ya kujenga itafanyikia hapa kwa sababu vifaa viko hapa. Aliinua kikapu kitupu akarudi chini kwa safari nyingine.

Nilizijenga. Nilikata, nikaunga, nikachekecha, nikamimina mchanga kwa kata kidogo kidogo huku nikigonga ubao ili ushuke vizuri. Wewe ulikuwa ukikaa sakafuni, ukiulizauliza, na ulipenda sauti ile ya mchanga kushuka kati ya mbao. Siku nilipounganisha waya na kufungua redio, kwaya ilikuwa ikiimba kutoka Dar es Salaam, na ile sauti ya nne ikaja, ikaingia miguuni kupitia sakafu. Nililia. Naona bora nikwambie hata hilo, maana mtu anayeungama huwa anataka kitu alichokosea kionekane kibovu. Hakikuwa kibovu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baadaye.

Spika ya pili sikuipeleka shuleni. Nilisema kwanza betri haitoshi. Kisha nikasema ukungu wa asubuhi utaharibu mbao. Kisha hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu ya yaliyotokea.

Vuli ilikuja mapema, kama mjomba wako alivyoona. Ilinyesha siku mfululizo. Jioni moja, kabla ya taa kuwashwa, nilikuwa sebuleni nasikiliza muziki wa bendi, mama yako ameketi karibu nami anachambua maharage, wewe umelala mkekani. Ndani ya muziki nikasikia baragumu. Sauti nzito, ndefu, inapanda. Nikainua kidole.

Nikamwambia, "Sikiliza hiyo! Sikiliza ilivyo safi. Ni kama mtu amesimama uani."

Mama yako aliacha maharage. Akasikiliza kidogo. Kisha akasimama, maharage yakamwagika yote.

"Hiyo si redio," akasema. "Hilo ni baragumu la kaka yangu."

Alitoka mbio kwenye mvua. Mimi nilisimama kwanza kuzima redio, ili betri isiishe. Hicho ndicho nilichofanya kwanza, mwanangu.

Tulipofika, ukuta ulikuwa umekwisha kuondoka. Hapakuwa na kitu cha kuokoa. Maji yalikuwa yamepita kwenye mashamba ya chini yakachukua mahindi, maharage, makinga maji, hata udongo wenyewe, yakaacha mawe. Mjomba wako alikuwa amesimama ukingoni, baragumu linaning'inia mkononi, tope hadi kiunoni. Alikuwa ameingia na kujaribu kuziba kwa mwili wake na magome ya migomba. Aliponiona hakusema kitu. Mtu mzima anapokuwa na haki ya kusema na hasemi, unajua atasemea mahali pengine.

Alisemea kwenye baraza la mfumwa, alipoulizwa.

"Ndiva iko mikononi mwa nani?" mfumwa aliuliza.

"Mwangu."

"Huo ufa uliuona?"

"Niliuona."

"Ukamwambia nani?"

"Nilimwambia Mwalimu, ili apange msaragambo."

Watu wakageuka. Mfumwa naye akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka niseme jambo jepesi ili sote twende nyumbani. "Mwalimu, ulielezwa?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Nimefundisha lugha maisha yangu yote, na ninajua lile neno linafanya kazi gani. Ningesema hapana, mtoto yeyote wa darasa lile angeweza kusimama na kusema alimwona mjomba wako mlangoni. Lakini neno sikumbuki halina mlango wa kuingilia. Hakuna anayeweza kuingia ndani ya kichwa cha mtu akatoka na kumbukumbu mkononi. Nilisema kwa sauti ya kawaida.

Kutoka nyuma Mama Naetwe akasema, "Mwalimu anakumbuka majina ya watoto wote wa shule, hata waliokufa." Akacheka peke yake. Hakuna aliyemfuata. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani kila mtu pale alikuwa amebeba mchanga, na alikuwa amefurahi, na hakuna aliyetaka kujiambia kwamba aliacha ukuta wake akabeba sebule ya mtu mwingine. Ilikuwa rahisi zaidi kosa liwe la mtu mmoja. Mjomba wako akanyang'anywa baragumu na ulinzi wa maji. Watu wa mashamba ya chini hawakumwamkia tena. Mwaka haukuisha akahamia Kisiwani, kwenye joto na mbu, akafuge mbuzi.

Tulipokuwa tukirudi kutoka barazani, mama yako alitembea mbele yangu njia nzima. Karibu na nyumbani akasimama, akaniuliza neno moja tu.

"Na mimi, jina langu unalikumbuka?"

Hakusema zaidi, wala hakumwambia mtu. Alinipikia, aliniuguza, alinizalia mdogo wako yule tuliyemzika, lakini redio ikifunguliwa alikuwa akiinuka na kwenda jikoni. Wewe ulidhani mama hapendi muziki. Mama yako alipenda muziki kuliko mimi.

Siku ya mazishi ya mama yako, mjomba wako alipanda. Alichimba kaburi na vijana ingawa umri wake haukuwa wa kuchimba. Akanawa mikono. Wewe ndiye uliyempelekea sahani ya makande, unakumbuka? Alikwambia, "Asante, mjomba, nimeshiba." Mtu ametoka Kisiwani alfajiri bila kutia kitu mdomoni, akachimba hadi mchana, ameshiba nini? Akateremka bila kula kwetu. Ukaniuliza, "Mjomba ana nini?" Nikakujibu, "Ana hasira zake." Hapo nilimwua mara ya pili, na safari hii mbele ya mtoto wa dada yake.

Ningeweza kufa nayo hii. Nisikufiche, nilikuwa nimeshakubali kufa nayo. Mtu akichoka, hata kuficha kunamchosha, lakini kusema kunaonekana kunachosha zaidi, basi anaahirisha.

Lakini juma lililopita mlinibeba na kiti changu hadi kwenye mkutano wa kujenga upya ndiva. Mbonea, mtoto wa Kazeni, alikuwa amepanda kutoka Kisiwani kuomba awe mlinzi, kazi ya baba yake. Alizungumza vizuri, anaijua ile mifereji kama vidole vyake. Kijana mmoja, ambaye ukuta ulipovunjika alikuwa bado ananyonya, akasimama akasema, "Nyumba ile ndiyo iliyotuvunjia ndiva." Watu wakaguna kukubali. Mbonea alitafuta kofia yake, akaivaa kama baba yake alivyoivaa mlangoni pa darasa langu, akatoka. Na mimi nilikaa pale chini ya blanketi langu, mwenye kujua peke yangu, nikanyamaza.

Njiani kurudi, wewe ukiwa umeshika mguu wa nyuma wa kiti changu, ulisema, "Afadhali wamekataa, baba. Mtu asiyejali ukuta, mwanawe ataujali?"

Sikukasirikii. Ulikuwa unasema nilichokufundisha. Lakini sikuwahi kuusikia uongo wangu ukitoka kinywani mwa mtu ninayempenda, na ulitoka mwepesi, bila shaka yoyote, kama unasema jua linachomoza. Nikaona kwamba nikifa kesho, huo hautakufa pamoja nami. Utakwenda nao Dar es Salaam, utawapa watoto wako, nao watamdharau mzee ambaye hawajawahi kumwona.

Kwa hiyo nimemwomba mchungaji apeleke ujumbe Kisiwani. Kesho mchana wazee watakuja hapa uani, na Kazeni amekubali kuja, na Mbonea. Nitasema nilielezwa, nilikumbuka siku ile, na nakumbuka leo. Nitasema mchanga ulikuwa wa nini. Sijui watafanya nini. Huenda wakanitoa kwenye uzee wa kanisa na kunitenga na meza ya Bwana kwa muda mfupi niliobaki nao. Usharika una taratibu zake, na mimi mwenyewe nimewahi kuzisimamia kwa wengine bila huruma. Huenda wale wa mashamba ya chini wakataka kunisemea maneno ambayo yamechelewa. Wayaseme. Habari zitakufikia huko mjini, na zitakuwa zimeongezwa chumvi. Usiandike barua ya kunitetea.

Sitaki uahirishe safari ili uwepo. Ukiwepo nitakuwa nakutazama wewe, nitachagua maneno ya kunifanya nionekane vizuri machoni pako, na nimechoka kuchagua maneno. Wewe panda lori lako.

Sasa swali lako. Kutengeneza au kununua? Umeona mwenyewe kwamba nilikuwa na njia ya kununua, na kama ningenunua, ukuta ungeshindiliwa kwa wakati wake na mjomba wako angezeeka huku juu kwenye baridi anayoipenda. Lakini sitakwambia ununue kwa sababu mimi niliharibu. Una mikono mizuri, mizuri kuliko yangu, na sauti ya kabati ulilolijenga inakupa kitu ambacho dukani hakipo. Tengeneza, Elinaja. Ila kabla hujapima ubao wa kwanza, jiulize mchanga utabebwa na nani, na umwambie huyo mtu waziwazi unakwenda wapi. Kama ni chumbani kwako, sema ni chumbani kwangu. Kisha mpe alichostahili kwa desturi ya kwao, hata kama ni dengelua na mchungaji atakununia. Laiti ningepika ile dengelua. Na mgeni akikuuliza nani ametengeneza, mtajie majina.

Zile mbili za sebuleni nitaziacha mikononi mwa watakaokuja kesho. Wakitaka kuzipeleka barazani pa shule, moja au zote, sawa. Wakizipasua wakazifanya kuni, mkulo unawaka vizuri. Usinihurumie kwa ajili yake. Masikio yangu siku hizi yanasikia sauti nzito tu, na hizo zinanitosha kupitia ukutani, kutoka kwa majirani.

Nitakupa barua hii mkononi alfajiri, na nakuomba uisome hapo hapo kabla hujafunga kamba ya sanduku. Siombi unijibu. Nakuomba uisome kabla hujaondoka kwa sababu ya njia. Wewe utakuwa unateremka Kisiwani, naye atakuwa anapanda. Mtakutana. Nadhani itakuwa pale kwenye majabali, maana yeye huanza safari mapema na siku hizi anapanda taratibu. Atakuwa amechoka. Usimwambie kwamba unajua, wala usimwombe radhi kwa niaba yangu. Maneno hayo ni yangu, nayo yamenigharimu sana hata usiniibie. Mwamkie. Mwite mjomba. Akikutazama sana, mwache akutazame, una macho ya dada yake.

Pale kwenye majabali njia ni ya mtu mmoja, na upande wa bonde ni mbaya. Wewe ndiye mwenye sanduku, lakini wewe ndiye kijana. Simama upande wa bonde, umpishe apite.

Baba yako.